Daktari Anapotaka Kuondoka Wodini

(Maelezo yaliyotolewa katika ukumbi wa shule siku ya mkutano wa mwaka wa waliosoma hapa, mbele ya wanachama, walimu, na wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita.)



Kamati iliponiandikia kuniomba nizungumze leo, iliniachia nichague jambo lenyewe, mradi liwe na manufaa kwa wakubwa na wadogo. Nikachukua orodha ya darasa letu nikaipitia jina kwa jina. Darasa letu lilitoa madaktari tisa, jambo ambalo walimu wetu walikuwa wakijivunia mbele ya wageni. Katika hao tisa, wanne leo hawatibu tena. Wa tano aliniandikia mwezi uliopita akiniuliza: "Nikiacha wodi, nitakuwa nani?" Nikaona jambo la kuzungumza nimekwisha kulipata.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Hapa nilisoma mchepuo wa sanaa, na Chuo Kikuu nikasomea utawala. Wenzetu wa sayansi walituita "watu wa hadithi". Lakini kwa miaka 18 nimekuwa mtumishi wa Serikali katika kazi za utumishi, na sehemu kubwa ya muda huo majalada yaliyopita mezani kwangu yalikuwa ya watumishi wa afya. Daktari anapotaka kuondoka, barua yake hupitia kwa mganga mfawidhi wa hospitali, kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na mwisho hutua kwa mtu kama mimi. Aghalabu ni barua fupi sana. Mtu aliyesoma miaka mitano ya udaktari, akaongeza mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, anaeleza kuondoka kwake kwa maneno manne: "kwa sababu zangu binafsi". Mengine yote ninayoyajua nimeyasikia pembeni, kwenye kiti cha mbele ya meza yangu.

Jana usiku, baada ya chakula bwaloni, mzee wetu mmoja alisema daktari anayeacha kutibu ni sawa na askari anayetupa bunduki vitani. Vijana walicheka, na mimi nilinyamaza kwa sababu ya heshima. Leo nimepewa kipaza sauti, basi mzee wangu ataniwia radhi nikibishana naye kidogo.

Kwanza nimpe haki yake. Wazee hawa wanasema hivyo kwa sababu wanakumbuka. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha watu kwamba wakati wa Uhuru, mwaka 1961, nchi ilikuwa na madaktari 12 na wahandisi 2. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, KCMC na Bugando zikafunguliwa mwaka 1971. Kwa watu walioiona nchi ikiwa na madaktari wa kuhesabu kwa vidole, kila daktari alikuwa mali ya wote, na aliyesomeshwa kwa fedha za wakulima wa pamba na kahawa hakuwa na ruhusa ya kusema amechoka. Tena mzee ana hoja ya pili ambayo hakuisema: daktari mmoja akiondoka katika hospitali ya wilaya yenye madaktari watatu, zamu yake haiondoki naye. Inabaki pale, na inawaangukia wawili waliobaki. Kila anayeniletea barua ya kuacha kazi namwuliza nani atashika zamu yake, si kwa kumtisha, bali kwa kuwa ni swali la haki na yeye mwenyewe hulijua.

Lakini hali ya leo si ya mwaka 1961. Leo Serikali inapotangaza nafasi za madaktari, waombaji huwa wengi kuliko nafasi, na kuna vijana wenye shahada ya udaktari wanaosubiri nyumbani huku wodi nyingine zina upungufu. Tatizo hilo ni la bajeti na mpangilio. Daktari aliyechoka akibanwa asiondoke, wodi haipati chochote. Inapata mtu aliyesimama karibu na kitanda huku mawazo yake yako mbali, na mgonjwa huligundua hilo mapema kuliko mganga mfawidhi.

Sasa nije kwenye yule aliyeniuliza atakuwa nani. Kabla ya kumjibu nilimwuliza swali ambalo nawauliza wote: ukipewa hospitali yenye dawa, wenzako wanne wa kupokezana zamu, nyumba ya kukaa, na malipo yanayokuja kwa wakati, je, ungependa bado kuamka asubuhi ukaone wagonjwa? Lijibu ukiwa peke yako, tena siku ambayo hukutoka zamu ya usiku.

Nauliza hivyo kwa sababu ya majalada mawili ninayoyakumbuka. La kwanza lilikuwa la kijana aliyekaa miaka mitatu katika hospitali ya wilaya ya mbali, madaktari wakiwa wawili tu. Usiku wa kwanza wake, usiku wa pili wa mwenzake, na mwenzake akisafiri, zote zake. Aliandika kwamba hataki tena kusikia neno udaktari, anataka kufuga kuku. Alihamishiwa hospitali ya mkoa, akakuta wenzake, akakuta daktari bingwa wa kumwuliza maswali. Leo anasomea upasuaji, na kuku anawala kwa wali. Huyu hakuwa amechoshwa na kazi, alikuwa amechoshwa na kituo.

Jalada la pili lilikuwa la dada mmoja aliyekuwa katika hospitali nzuri, mjini, zamu za wastani, mkuu wake mtu muungwana. Hakuna aliyeelewa kwa nini anataka kuondoka. Yeye alieleza kwa utulivu kwamba kila mama aliyemfia wakati wa kujifungua alibaki naye. Alikuwa akikumbuka majina, na vijiji walikotoka. Alikuwa amepumzika, alikuwa amehamishwa wodi, alikuwa amezungumza na wataalamu wa ushauri, na bado mikono ilitetemeka kila alipoingia chumba cha upasuaji. Kumhamishia Mbeya au Mtwara kusingebadili lolote. Huyu alihitaji kazi nyingine, na alikuwa na haki ya kuitafuta bila kuitwa mtoro. Leo yuko kwenye kazi ya usalama wa dawa, nitakayoieleza baadaye.

Basi mkanganyiko wa kwanza uondoke. Mwenye tatizo la kituo aombe uhamisho, aombe kwenda masomoni, agombane na mkuu wake kwa njia za kiutumishi, aendelee kusumbua mpaka asikilizwe. Asiuze taaluma yake yote kwa sababu ya nyumba inayovuja. Mwenye tatizo la kazi yenyewe, huyu ndiye ninayetaka kuzungumza naye kwa kirefu.

Ndugu zangu, watu hudhani nje ya wodi kuna kazi za karatasi tu. Nitawaeleza habari ya mtu mmoja, na mtaniambia kama aliacha udaktari.

Katika miaka ya 1950, hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwepo daktari wa upasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt. Mwaka 1957 mwenzake alimwita akamtazame mtoto mwenye uvimbe mkubwa tayani, pande zote mbili. Baadaye akakuta mtoto wa pili katika hospitali nyingine, mwenye uvimbe wa namna ile ile. Daktari wa kawaida angeandika kwenye faili na kwenda kunywa chai. Burkitt alianza kuuliza: mbona watoto hawa wanatoka sehemu fulani na si nyingine? Akaandika barua kwa hospitali mbalimbali za Afrika, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu, wakasafiri kwa wiki kumi kutoka Kampala mpaka Afrika Kusini, kiasi cha kilomita 16,000, wakipita Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Msumbiji. Walisimama katika hospitali zaidi ya 50 wakiuliza: mmeuona ugonjwa huu? Waliporudi walikuwa na ramani. Uvimbe ule ulifuata joto na mvua, ukakwepa nyanda za juu zenye baridi, karibu kama malaria inavyofanya. Vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London ndivyo vilivyowawezesha watafiti, mwaka 1964, kuona kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Burkitt mwenyewe mwishowe aliweka kisu chini kabisa akawa mtafiti.

Naomba vijana wa Fizikia, Kemia na Baiolojia mwone jambo moja hapo. Ramani ile ilichorwa na mkono uliokwisha kushika mataya ya watoto wale. Mtu ambaye hakuwahi kuwaona asingejua la kuuliza. Na ndiyo sababu nawashauri wanaotaka kuondoka wasiondoke mapema mno. Maliza mafunzo kwa vitendo, pata usajili kamili, na ukiweza fanya kazi ya wodi miaka miwili au mitatu. Nimeona waliotoka darasani moja kwa moja kwenda ofisini, wanaitwa Daktari, lakini ikitokea hoja ya dawa au ya mgonjwa mezani hutazama dari kama sisi watu wa hadithi.

Kazi ya namna ya Burkitt ipo kwetu leo na ina njia yake. Tangu mwaka 2008 kuna mafunzo ya epidemiolojia ya nyanjani yanayoendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ambapo daktari hujifunza kufuatilia magonjwa ya mlipuko huku akifanya kazi yenyewe. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotokea Bukoba, watu sita walifariki. Walipatikana wagonjwa tisa tu, na kufikia mwanzoni mwa Juni ulitangazwa kwisha. Fikirini kilichofanya idadi ikaishia tisa. Wauguzi na madaktari waliotibu walifanya sehemu yao, na wengine walioambukizwa walikuwa watumishi wa afya wenyewe. Lakini walikuwepo pia watu waliokwenda nyumba kwa nyumba wakiandika nani alimgusa nani, nani alikaa kwenye msiba gani, nani alipanda basi lipi, wakawafuata mamia ya watu kila siku kwa siku 21. Januari 2025 ugonjwa ukarudi mkoa ule ule, safari hii Biharamulo, na kazi ile ile ikafanyika tena. Daktari anayefanya kazi hiyo hamtibu mgonjwa hata mmoja. Anawazuia wengine wasifike wodini, na hakuna atakayekuja kumshukuru, kwa maana asiyeugua hajui nani alimwokoa.

Nchi yetu ina historia ndefu katika haya. Ugonjwa wa chikungunya jina lake ni la Kimakonde, kwa sababu ulichunguzwa kwanza kwenye uwanda wa Makonde ulipozuka mwaka 1952. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979 na ina vituo mikoani, kutoka Mwanza hadi Tukuyu. Ifakara walianza na maabara ndogo ya Waswisi mwaka 1957. Chanjo za malaria ambazo Shirika la Afya Duniani liliziidhinisha mwaka 2021 na 2023 zilijaribiwa kwa watoto katika nchi kadhaa, na Bagamoyo ni mojawapo ya sehemu hizo. Katika majaribio kama hayo yapo madaktari ambao kazi yao ni kuhakikisha mtoto anayechanjwa hadhuriki, na mzazi aliyetia saini ameelewa alichokitia saini. Mwenye subira, anayependa kuandika kwa usahihi na asiyechoshwa na jambo moja kwa miaka mitano, huko ni kwake. Asiye na subira asijaribu, ataona ni heri zamu ya usiku.

Sasa nizungumzie kazi ambayo watu huidharau kuliko zote, nayo ni bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ukaanza kazi mwaka 2001, mwanzoni kwa watumishi wa Serikali. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kila mwenye bima anapotibiwa, hospitali hujaza fomu na kudai fedha. Lazima awepo mtu wa kuisoma fomu hiyo na kuuliza: mgonjwa wa kichwa kilichouma siku moja alihitaji kweli vipimo vyote hivi? Mwanamume huyu alizalishwaje? Msicheke, mambo hayo hutokea. Karani hawezi kuuliza maswali hayo kwa uhakika. Daktari anaweza. Na vile vile daktari ndiye anayeweza kusema: dai hili limekatwa kimakosa, mgonjwa huyu alihitaji dawa ya ghali kweli, hospitali ilipwe. Fedha inayolindwa kwa kalamu hiyo ndiyo inayomnunulia insulini mzee wa kijijini aliyechangia kwa jasho. Nakubali kwamba wenzako wa zamani watakuchukia kidogo. Rafiki yangu aliyeko kwenye kazi hiyo anasema siku hizi akienda hospitali aliyokuwa akifanya kazi, chai haiji haraka kama zamani.

Dada niliyemtaja yuko kwenye dawa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo kabla ya mwaka 2019 ilishughulikia na chakula pia, inahitaji watu wa kusoma maelezo ya kila dawa inayotaka kuingia nchini, na kufuatilia taarifa za madhara kutoka hospitalini. Mwaka 2018 mamlaka hiyo ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa ya kwanza barani Afrika kufikia daraja la tatu la ubora, na sifa hiyo haikuletwa na majengo. Wafamasia ndio wengi huko, kama inavyostahili. Lakini inapokuja taarifa kwamba mama wa Singida alipata degedege baada ya kuchomwa sindano fulani, anahitajika mtu aliyewahi kusimama mbele ya mama mwenye degedege, ajue kama ni sindano au ni kifafa cha mimba. Yeye aliwaona wengi. Aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza kumbukumbu zile zinamsaidia kufanya kazi badala ya kumzuia.

Ziko nyingine nitakazozipita haraka. Kuna afya mahali pa kazi: migodi, viwanda na bandari vinahitaji madaktari wa kupima wafanyakazi na vumbi wanalovuta, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, unahitaji wa kupima ulemavu wa aliyeumia ili alipwe haki yake. Kuna takwimu za afya. Wale waliojaza vitabu vya MTUHA kwa manung'uniko watashangaa jinsi tarakimu zile zinavyoweza kumpa mtu kazi nzuri zikiingia katika kompyuta. Kuna uongozi wa hospitali, na hapa nitoe maoni yangu: kumpa daktari hodari hospitali aiendeshe bila kumfundisha uhasibu wala sheria ya manunuzi ni kupoteza daktari na hospitali kwa pamoja. Asome kwanza. Na kuna kuuza dawa kwa niaba ya makampuni, kazi yenye gari na posho; siikatazi, ila sina la kuisifia.

Kufundisha nitakugusa kidogo zaidi. Vyuo vya udaktari vimeongezeka sana, lakini walimu wa anatomia, fiziolojia na baiokemia ni adimu, kwa kuwa kila daktari anataka ubingwa wa kutibu. Dkt. Wilbert Chagula, aliyesomea udaktari Makerere, alikuwa mwalimu wa anatomia. Ndiye aliyekuwa mkuu wa Chuo cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, kabla ya kuwa waziri. Sijasikia mzee yeyote akimwita askari aliyetupa bunduki.

Na siasa, maana najua mnaisubiri. Dkt. Leader Stirling alikuwa mpasuaji wa misheni kusini mwa nchi tangu miaka ya 1930, akawa mbunge, na Mwalimu akamfanya Waziri wa Afya mwaka 1975. Rais wa Zanzibar tangu mwaka 2020, Dkt. Hussein Mwinyi, ni daktari kwa taaluma. Marehemu Dkt. Faustine Ndugulile alitoka udaktari akawa mbunge wa Kigamboni na waziri, kisha Agosti 2024 akachaguliwa kuongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Alifariki Novemba mwaka huo huo kabla hajashika kazi. Njia ipo, lakini ni nyembamba, na kura hazina mafunzo kwa vitendo.

Sasa nitoe la ofisini kwangu, ambalo pengine ndilo mlilonialikia. Daktari anayetaka kuondoka asianze na barua ya kuacha kazi ya saa 24. Nimezisoma nyingi, nyingi ziliandikwa usiku. Mtumishi wa umma ana milango mingine ya kugonga kwanza. Anaweza kuomba likizo bila malipo, ajaribu kazi mpya. Anaweza kuazimwa na taasisi nyingine ya umma, akabaki mtumishi. Anaweza kusoma na kuomba kubadilishwa kada. Maombi hayo hayakubaliwi kila mara, na mshahara wa kada mpya waweza kuwa mdogo kuliko aliouzoea, lakini akikataliwa bado ana kazi.

Aangalie pensheni. Kwa sheria ya mifuko ya sasa, pensheni ya kila mwezi humtaka mtu awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15. Nimeona aliyeondoka akiwa amebakiza miezi saba. Nalo fao la kukosa ajira limewekwa kwa aliyepoteza kazi, si kwa aliyeandika mwenyewe barua ya kuiacha. Wengi hulijua hilo wakiwa tayari dirishani. Deni la Bodi ya Mikopo nalo halifi: kwa aliyeajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, popote atakapoajiriwa. Na aliyesomeshwa ubingwa kwa fedha za umma akatia saini mkataba wa kutumikia miaka fulani, autoe mkataba ule kabatini ausome kabla hajaandika neno lolote.

La mwisho katika haya, tena la muhimu kuliko yote, ni leseni. Usajili wako katika Baraza la Madaktari Tanganyika usiuache ufe. Leseni inahuishwa kwa ada na kwa mafunzo endelevu, na mtu aliyeko ofisini huona ni usumbufu wa bure. Lakini mkataba wa mradi hukoma, wafadhili huondoka, bosi mpya huja na watu wake. Mwanachama mwenzetu mmoja, mradi wake ulipofungwa, alikuwa na leseni hai kwa sababu Jumamosi mbili za kila mwezi alikuwa akitoa huduma katika zahanati ya parokia. Wiki ya tatu alikuwa kazini. Jirani yake ofisini, daktari vile vile, leseni ilikuwa imelala miaka mingi, na alihitaji muda mrefu kuiamsha huku ada za shule za watoto zikimsubiri.

Vijana, ninyi mlioko Kidato cha Tano na cha Sita mkisoma mchepuo wa sayansi, naona baadhi yenu mnatazamana. Sikuja kuwaambia msisome udaktari. Nimekuja kuwaambia kwamba mkiusoma kwa sababu mjomba ameahidi sherehe, au kwa sababu alama zenu zinatosha na hamjui pa kuzipeleka, mtakuwa kwenye kiti cha mbele ya meza yangu kabla hamjafika miaka 30. Likizo hii nendeni hospitali ya wilaya, ombeni ruhusa, kaeni wodini siku tatu mkisaidia kubeba maji. Atakayeona siku ni fupi, ajaze udaktari kwenye fomu. Atakayekuwa akitazama saa lakini akavutiwa na ramani ya malaria iliyobandikwa ukutani kwa mganga mkuu, ajue kwamba kuna shahada za afya ya mazingira, takwimu, maabara na famasia zinazompeleka kule moja kwa moja, bila kuchukua nafasi ya mwenzake wodini.

Na kwa yule wa tano, aliyeniuliza atakuwa nani, nilimwandikia kwamba bado hajajibu swali langu la zamu na nyumba. Amejibu juzi. Anasema angeamka. Basi tumeanza na barua ya uhamisho, na tunaisubiri ijibiwe.

Ndugu Mwenyekiti, naona mwalimu wa zamu anatazama mlangoni, nadhani chakula kiko tayari. Nimemwachia Katibu nakala za namna ya kuandika barua ya likizo bila malipo, ya kuazimwa, na ya kubadilishwa kada. Zimepigwa chapa 40, zikiisha atanakili nyingine. Mwenye jambo lisilofaa kuulizwa mbele ya watu anikute chini ya miembe nyuma ya bwalo, nitakuwapo mpaka saa kumi. Na mzee wangu wa bunduki nampa nafasi ya kwanza ya kunijibu.